Kutoka Tipperary Hadi Depo: Historia Fupi ya Polisi wa Ireland, 1814–1922

Jeshi la Polisi la Ireland liliishi miaka mia moja. Lilizaliwa kwa sheria ya Agosti 1822 na likavunjwa Agosti 1922. Ukiongeza miaka minane ya maandalizi, tangu kikosi cha kwanza kilipoingia Tipperary mwaka 1814, inakuwa karne na ushei. Sisi askari tuliopita depo ya mafunzo huku Afrika Mashariki, tukafundishwa gwaride, zamu, doria ya usiku na daftari la matukio, tumekula mezani kwa jeshi hilo miaka yote bila kumjua mpishi. Ni haki basi wapishi hao watajwe kwa majina, na msomaji avumilie nikikaa zaidi kwa waasisi, maana wao ndio waliobeba mzigo mzito.

Nchi ilivyokuwa

Mwanzoni mwa karne ya 19, Ireland ilikuwa nchi ya wakulima. Sensa ya mwaka 1821 ilihesabu watu wapatao milioni 6.8, na walio wengi waliishi kwa ardhi isiyokuwa yao. Juu kabisa alikuwepo bwana mwenye ardhi, mara nyingi akikaa Dublin au London. Chini yake alikuwepo mpangaji mkubwa aliyekodi eneo zima na kulikata vipande. Chini ya huyo alikuwepo mkulima, na chini ya wote kibarua aliyekodi kipande cha msimu mmoja tu apande viazi vya kulisha watoto. Kila ngazi ilimkamua aliye chini yake.

Juu ya kodi ya ardhi ilikuwepo zaka. Kanisa la serikali lilikuwa la Kianglikana, waumini wengi wa nchi walikuwa Wakatoliki, na Mkatoliki alitakiwa kulipa zaka ya kumtunza kasisi asiyemsalisha. Baya zaidi, malisho ya ng'ombe yaliachwa huru bila zaka tangu mwaka 1735, ilhali katika jimbo la Munster hata shamba la viazi lilitozwa. Tajiri mwenye makundi ya ng'ombe akaponea, na maskini mwenye matuta machache akalipa.

Hapo ndipo magenge ya usiku yalipopata chimbuko. Mwaka 1761 kule Tipperary walitokea Whiteboys, wakivaa mashati meupe juu ya nguo zao, wakibomoa kuta na ua uliozungushiwa malisho ya kijiji. Baada yao yalikuja majina mengine: Threshers wa Connacht mwaka 1806, kisha Caravats na Shanavests wa Munster, waliopigana wao kwa wao sokoni na kwenye minada, vibarua na maskini upande mmoja, wakulima wenye uwezo kidogo upande mwingine. Mbinu zao hazikutofautiana sana. Walikula kiapo gizani. Walibandika barua mlangoni kwa mtu aliyethubutu kukodi shamba alilofukuzwa mwenzake. Walikata mishipa ya miguu ya ng'ombe, wakachimbua malisho kwa sepetu usiku mmoja ili asubuhi mwenye shamba asiwe na la kufanya ila kulikodisha kwa viazi. Aliyekaidi alichomewa nyumba, na wengine waliuawa.

Mgala muue na haki yake mpe. Matendo yale yalikuwa ya jinai na hakuna askari atakayeyatetea, lakini malalamiko yaliyoyazaa yalikuwa ya kweli. Waasisi wetu waliofanikiwa ni wale walioyajua yote mawili.

Polisi waliokuwepo kabla ya hapo hawakustahili jina hilo. Kila kaunti iligawanywa katika tarafa zilizoitwa baroni, na kila baroni ilikuwa na makonstebo wachache walioteuliwa na wakubwa wa kaunti. Sheria ya mwaka 1787 ilijaribu kuwapanga, ikawataka wawe Waprotestanti, lakini wengi walikuwa wazee, watumishi wa zamani au wapambe wa mabwana. Hakimu naye ndiye huyo huyo mwenye ardhi. Mpangaji aliyepelekwa mbele yake alikuwa na kesi ya nyani hakimu ngedere. Hali ikichafuka, wakubwa walikuwa na dawa moja tu, kuita jeshi. Jeshi likija magenge hutulia, likiondoka huanza upya.

Peel, Willcocks na wale ishirini

Mwaka 1812 aliletwa Dublin kijana wa miaka 24, Robert Peel, kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Ireland. Alikaa miaka sita. Alichoona mapema ni kwamba mahakimu wa kaunti wanaogopa, wanapendelea au hawapo kabisa, na kwamba askari wa vita si watu wa kupeleleza wizi wa usiku. Mwaka 1814 akapitisha sheria iliyoanzisha Kikosi cha Kulinda Amani.

Utaratibu wake ulikuwa mpya. Serikali ikitangaza kwamba baroni fulani imechafuka, ilimpeleka hakimu mkuu anayelipwa mshahara, asiye na shamba pale wala shemeji pale, pamoja na konstebo mkuu, karani na makonstebo wadogo. Hakimu huyo aliwazidi madaraka mahakimu wote wa eneo. Na gharama yote ilibebwa na wenyeji wa baroni yenyewe. Kifungu hicho cha mwisho kilikuwa kichungu, na wakubwa wengi walisita kuomba kikosi kwa kuhofia mifuko yao, mpaka mwaka 1817 serikali ilipokubali kuchangia sehemu.

Septemba 1814 baroni ya Middlethird, kaunti ya Tipperary, ikawa ya kwanza kutangazwa. Aliyepelekwa ni Richard Willcocks, na nyuma yake makonstebo 20, wengi wao wakiwa masajini wastaafu wa askari farasi. Mshahara wa Willcocks ulikuwa pauni 700 kwa mwaka, fedha nyingi kwa wakati ule, na kwa maoni yangu haikupotea hata peni moja. Alikuwa mtu mzima anayeijua Munster, kwa kuwa miaka ya nyuma alikwisha kutumwa huko kuchunguza magenge. Hakuja kupiga kambi kwa mwezi mmoja na kuondoka. Alihamia. Watu wake walitembea usiku, walipokea maelezo ya mashahidi na kuyaandika, na waliwalinda mashahidi hao mpaka siku ya kesi. Willcocks alijua kwamba mashahidi wapo Tipperary, ila hawana pa kujificha baada ya kusema.

Si kila siku ilikuwa ya ushindi. Novemba 1815 hakimu William Baker aliuawa akirudi nyumbani kutoka Cashel, jambo lililoonyesha kwamba kikosi kipya hakijaitia hofu Tipperary yote. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Oktoba 30, nyumba iliyoitwa Wildgoose Lodge kaunti ya Louth ilichomwa moto na watu wanane wakafa ndani, kwa kisa cha mwenye nyumba kuwashtaki wavamizi waliomwingilia kabla. Watu 18 walinyongwa kwa ajili ya usiku ule. Wapo wanaosema kamba ilimpata hata asiyehusika. Hilo tuwaachie wanahistoria.

Wananchi waliwapa askari wale jina la utani, Peelers, kutokana na jina la Peel. Lilianza kama tusi, likaishia kuwa jina la kazi. Na hapa kuna jambo la kujivunia: polisi wa London walianzishwa mwaka 1829 na Peel huyo huyo, miaka 15 baada ya Middlethird. Wengi hudhani polisi wa kisasa walianzia London. Bwana yule alijifunzia kazi Tipperary.

Mwaka 1822: jeshi lazaliwa

Bei ya nafaka ilianguka baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, lakini kodi za mashamba hazikushuka nayo. Mwaka 1821 moto uliwaka upya Limerick, katika mashamba ya ukoo wa Courtenay karibu na Newcastle West, ambako msimamizi mpya, Alexander Hoskins, alikuja na mkono mzito. Mwanawe, Thomas, alipigwa risasi na kuuawa. Barua za vitisho zikaanza kusambaa zikiwa na sahihi ya Kapteni Rock, mtu ambaye hakuna aliyemwona, maana kila kiongozi wa genge alikuwa Kapteni Rock. Vurugu zikaenea Cork, Kerry, Tipperary na kwingineko. Kufikia hapo takribani nusu ya kaunti 32 za Ireland zilikuwa zimekwisha kuonja kikosi cha Peel, na ilikuwa dhahiri kwamba nchi haiwezi kuendelea kuzima moto baroni moja baada ya nyingine.

Katibu Mkuu Henry Goulburn akapeleka muswada bungeni. Alitaka serikali iteue kila askari, wa juu na wa chini. Wakubwa wa kaunti walikataa kunyang'anywa kiti chao, na wabunge wengine, akiwemo Charles Grant aliyemtangulia Goulburn katika ofisi hiyo hiyo, waliona ni kuiweka nchi nzima chini ya watu wenye silaha. Wakafikia mwafaka. Serikali ingeteua makonstebo wakuu na mainspekta, mahakimu wa kaunti wangeendelea kuteua makonstebo wa kawaida. Kila baroni iliruhusiwa kuwa na makonstebo hadi 16, gharama nusu kwa nusu kati ya serikali na kaunti. Mwafaka huo ulikuwa na kasoro zake, lakini kwa mara ya kwanza kila kaunti ya Ireland, iliyotulia na isiyotulia, ilikuwa na polisi wa kudumu.

Nchi iligawanywa katika majimbo manne, kila moja na Inspekta Jenerali wake: Meja Powell Leinster, Meja D'Arcy Ulster, Meja Warburton Connacht, na Munster, jimbo gumu kuliko yote, alipewa nani kama si Willcocks? Mwaka 1824 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza chanzo cha vurugu za mashambani, na mwaka 1827 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Wale wengine watatu nao walifanya kazi kubwa, nafasi tu hainitoshi.

Kuanzia hapo milango ilianza kufunguka kwa Wakatoliki, taratibu na kwa manung'uniko ya baadhi ya wakubwa. Kufikia miaka ya 1840 walikuwa takribani nusu ya askari wa kawaida. Mtoto wa mkulima mdogo, aliyekuwa akiogopa sare, sasa aliivaa.

Miaka ya zaka

Sura hii ni ngumu kwa kila aliyewahi kuvaa sare, nami nitaipitia kwa hatua za haraka.

Machi 1831, kule Graiguenamanagh, kaunti ya Kilkenny, polisi walipelekwa kukamata ng'ombe wa padre Martin Doyle kwa deni la zaka. Ng'ombe walifichwa, malipo yakagomewa, na mgomo ukaenea kaunti kwa kaunti. Juni mwaka ule, huko Newtownbarry, Wexford, mnada wa ng'ombe waliokamatwa uliishia kwa risasi zilizofyatuliwa na wanamgambo, na wananchi zaidi ya kumi wakafa.

Desemba 14, 1831, msafara wa polisi chini ya Kapteni James Gibbons ulikuwa ukimsindikiza mpeleka hati Edmund Butler katika njia nyembamba ya Carrickshock, kaunti ya Kilkenny, yenye kuta pande zote mbili. Umati ulimtaka Butler. Kapteni alikataa kumtoa. Ndani ya dakika chache Butler, Gibbons na askari zaidi ya kumi walikuwa wameuawa kwa mawe, marungu na nyuma za majembe, na wananchi watatu nao wamelala. Walioshtakiwa walitetewa na wakili Daniel O'Connell, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Mengi yamesemwa kuhusu siku ile. Mimi nasema wale askari walikufa kazini kwa kumlinda mtu waliyeamriwa kumlinda, na hilo lisisahaulike. Lakini waliokuwa Dublin walianza kuelewa kwamba askari aliyefanywa mdai wa madeni ya wengine hana tena wa kumpa taarifa. Mwaka 1838 zaka iligeuzwa kuwa tozo juu ya wenye ardhi wenyewe, na polisi wakaondolewa mzigo ule.

Drummond na kanuni

Mtu wa pili ninayempenda katika historia hii hakuwa polisi. Thomas Drummond alikuwa Mskoti na mhandisi wa jeshi, aliyekuja kwanza Ireland kupima ramani. Taa yake kali ya chokaa, iliyowashwa mwaka 1825 juu ya mlima wa Slieve Snaght huko Donegal, ilionekana umbali wa maili zaidi ya sitini. Mwaka 1835 akarudi akiwa Naibu Katibu wa serikali, na kwa miaka mitano, hadi alipofariki 1840, aliutumikia umma wa Ireland kwa namna ambayo wenyeji wenyewe waliikumbuka kwa shukrani.

Sheria ya mwaka 1836 ndiyo alama yake. Majimbo manne yaliunganishwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja Dublin. Mahakimu wa kaunti walipoteza kabisa haki ya kuteua askari. Drummond alipiga vita uanachama wa Orange Order, chama cha Waprotestanti, ndani ya jeshi, na askari aliapa kutojiunga na chama chochote cha siri isipokuwa Freemasons. Alikataa pia polisi kutumiwa ovyo katika kudai madeni ya wakubwa. Mwaka 1838 mahakimu wa Tipperary walipomwomba hatua kali zaidi dhidi ya wapangaji, aliwajibu kwa barua akiwakumbusha kwamba mwenye mali ana wajibu, si haki peke yake. Barua hiyo iliwauma sana.

Inspekta Jenerali wa kwanza alikuwa Kanali James Shaw Kennedy, mkongwe wa Waterloo. Alikaa miaka miwili tu, akajiuzulu 1838 kwa tofauti zilizohusu uteuzi wa maofisa, lakini aliacha kitabu cha kanuni cha mwaka 1837. Walioshika kanuni za polisi huku kwetu wangekitambua bila kuonyeshwa. Askari hapangiwi kaunti aliyozaliwa wala ya mkewe. Haoi bila kibali. Hapigi kura. Anaishi kambini, anaweka kumbukumbu ya kila doria, anajibu kwa mkuu wake na si kwa tajiri wa kijiji. Ni kanuni ngumu kwa kijana, lakini zilimtoa mkononi mwa mtu mmoja mmoja.

Alimfuata Duncan McGregor, aliyeshika usukani miaka 20, hadi 1858. Huyu alikuwa amenusurika moto wa meli Kent baharini mwaka 1825, na watu walisema aliyetoka katika moto ule hatishwi na mkutano wa hadhara. Kabla yake makuruta walifunzwa kwenye depo za majimbo: Ballincollig, Ballinrobe, Armagh na Philipstown. Mwaka 1842 depo kuu ilifunguliwa Phoenix Park, Dublin, na kila askari akapita mlango mmoja. Kufikia 1841 jeshi lilikuwa na watu zaidi ya 8,600, wakivaa kijani kilichokoza. Ndio waliohesabu watu katika sensa ya mwaka huo. Mwaka 1846 Peel, sasa akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alihamishia gharama yote ya jeshi kwenye hazina ya serikali. Kazi aliyoianza Middlethird akaikamilisha mwenyewe.

Njaa Kuu ilianza 1845. Askari walilinda misafara ya nafaka, na walisimama nyuma ya watu wa mahakama siku za kuhamisha familia zilizoshindwa kodi. Kazi ile haikumpa raha yeyote, nami siirefushi.

Napenda zaidi kukumbuka Ballingarry, Tipperary, Julai 29, 1848. Inspekta mdogo Trant na askari wake 46 walikutana na umati wa waasi waliodai uhuru chini ya William Smith O'Brien, wakakimbilia nyumba ya mjane McCormack na kujifungia humo pamoja na watoto wake watano, mama mwenyewe akiwa nje. O'Brien alisogea dirishani kuzungumza, na askari wakampa mkono kupitia dirishani hapo. Kisha mawe yakarushwa, risasi zikalia, watu wawili wakafa, na maasi yakaisha. Watoto wote walitoka salama. Katika mapambano mangapi utasikia adui wakisalimiana kwanza?

Miaka iliyofuata, kwa orodha

1857: Polisi wa kukamata pombe haramu waunganishwa na jeshi.

1867: Jeshi layazima maasi ya Wafenia, chama cha siri cha kudai uhuru, ikiwemo Tallaght ambako askari 14 walisimama imara. Malkia Victoria alitunuku jina la Kifalme na nembo ya kinubi na taji.

1870: Jeshi lapokea ulinzi wa mji wa Derry, baada ya Belfast mwaka 1865.

1879–1882: Vita vya Ardhi, mgogoro wa wapangaji na wenye ardhi. Kazi ilikuwa nyingi, na mwaka 1882 askari wenyewe, wakianzia Limerick, waliomba mishahara iangaliwe.

1887: Septemba 9, mkutano wa hadhara wa Mitchelstown, Cork. Watu watatu waliuawa kwa risasi za polisi.

1907: Maofisa wa polisi wa makoloni waanza kupelekwa depo ya Phoenix Park. Kwa njia hiyo mtindo wa Dublin, wa askari mwenye silaha, anayeishi kambini na kupokea amri kutoka makao makuu, ulitiwa nguvu katika polisi wa Afrika Mashariki.

1919: Januari 21, Soloheadbeg, Tipperary. Konstebo James McDonnell na Konstebo Patrick O'Connell wauawa wakisindikiza baruti. Vita vya Uhuru vyaanza.

1920: Waletwa askari wa nyongeza kutoka Uingereza, waliojulikana kama Black and Tans. Kipindi hicho kina vitabu vyake.

1922: Ireland Kusini yaunda Garda Síochána, Kaskazini yaunda polisi wake Juni 1. Agosti jeshi lavunjwa. Baadhi ya askari wake walikwenda Palestina, wengine katika polisi za makoloni.

Shukrani

Kwa Richard Willcocks, Thomas Drummond, Shaw Kennedy, McGregor, na kwa maelfu ya makonstebo ambao majina yao yamebaki katika daftari za zamu, tunatoa heshima. Waliurithisha ulimwengu mzima wa kazi yetu jambo moja: askari asiwe mtu wa mwenye ardhi wala mtu wa mdai. Pale jeshi liliposhika neno hilo, liliaminiwa hata na wasiolipenda. Pale lilipoazimwa kukusanya zaka na kuhamisha wapangaji, lilipokea mawe, na mwishowe risasi.

Vijana mnaoingia depo leo, Moshi, Kiganjo au kwingineko, kanuni mtakazokaririshwa ni za zamani kuliko nchi zetu. Zishikeni. Na siku tajiri wa kijiji atakapokuja kituoni kuwaomba msaada wa kumdai jirani yake, mwelekezeni mahakamani.